Maradhi ya sukari: dawa moja iko hospitali, ya pili iko siniani

Reli ilipofika Nakuru mwaka 1900, haikuleta vyuma na mataruma peke yake. Ilifuatana na watu, na miongoni mwao walikuwamo watu wa pwani: wapishi, makarani, mafundi, wachukuzi na wachuuzi. Walipanda bara na kofia zao, misahafu yao na vyungu vyao. Mji ukakua, wajukuu wakazaliwa, na leo Nakuru, iliyopewa hadhi ya jiji Desemba 1, 2021, ina misikiti yake na vyuo vyake vya Kurani, na mgeni wa kutoka Mombasa au Lamu akibisha hodi hakosi nyumba ya kuandaliwa sinia ya pilau.

Lakini Nakuru si Mombasa. Mji uko juu ya bahari kwa takriban mita 1,850, na usiku baridi ikiteremka kutoka Menengai, mtu hatafuti dafu, hutafuta chai. Nayo chai ya bara ni ya maziwa, hutokoswa katika sufuria moja pamoja na majani na sukari yake, ikanywewa asubuhi, saa nne, alasiri na baada ya chakula cha usiku. Basi mtu wetu wa pwani amekusanya utamu wa pande mbili. Kaimati, halwa na mkate wa sinia alikuja navyo. Chai ya maziwa, viazi vya Molo na chapati za kila siku alivikuta. Katikati ya neema hizo mbili ndipo maradhi ya sukari yalipojipatia makao.

Makala haya hayaji kuivunjia heshima sinia yetu. Yanakuja kusema neno moja tu: kwamba maradhi ya sukari si ya mgonjwa peke yake, ni ya nyumba nzima. Daktari hutoa tembe na sindano, lakini anayepika ndiye anayeamua kama dawa hizo zitafanya kazi yake. Nyumba ikiendelea kula vile ilivyozoea, kisha mgonjwa akaambiwa, "Wewe jizuie," huyo ameachwa vitani peke yake, na aghalabu atashindwa.

MARADHI YENYEWE

Chakula cha wanga tulacho, kiwe wali, sima, muhogo au mkate, hugeuka sukari tumboni na kuingia katika damu. Ili sukari hiyo itoke kwenye damu na kuingia mwilini ikawe nguvu, inahitaji mfungua mlango. Mfungua mlango huyo ni insulini, ambayo hutengenezwa na kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo. Insulini ikikosekana, au ikiwapo lakini mwili usiisikie, sukari hubaki nje ya mlango. Damu ikawa tamu, na mwili ukawa na njaa.

Maradhi haya yana aina zake. Ya kwanza aghalabu huanza utotoni au ujanani. Kongosho huacha kabisa kutoa insulini, na bila ya sindano hakuna uhai. Ya pili, ambayo ndiyo ya wengi, huja taratibu kwa watu wazima, na hufuatana na unene wa kiuno, kukaa kitako kutwa na asili ya ukoo. Iko nyingine huwapata wajawazito. Pengine huondoka baada ya kujifungua, lakini humwachia mama hatari ya kuipata aina ya pili baadaye.

Dalili zake ni kiu isiyokatika, kwenda haja ndogo mara kwa mara hasa usiku, kukonda bila sababu, uchovu, macho kuingia ukungu na vidonda visivyopona. Hata hivyo aina ya pili huweza kukaa mwilini miaka kadhaa pasipo dalili hata moja. Hapo ndipo penye hila yake.

Si maradhi mapya. Matabibu wa kale wa Bara Hindi waliyatambua kwa kuona sisimizi wakikusanyika kwenye mkojo. Ibn Sina, katika kitabu chake cha utabibu kiitwacho al-Qanun, cha karne ya 11, aliutaja utamu wa mkojo na kuoza kwa viungo. Kujua wakajua, lakini dawa hawakuwa nayo. Dawa ilipatikana Toronto, nchini Kanada, mwaka 1921, pale Frederick Banting na Charles Best walipoitoa insulini katika kongosho za mbwa. Januari 1922 kijana mmoja, Leonard Thompson, akawa wa kwanza kudungwa. Kabla ya hapo mtoto mwenye maradhi haya alikuwa akisubiri kufa. Ndiyo maana Novemba 14, siku aliyozaliwa Banting, imefanywa siku ya maradhi haya duniani.

KILICHOONEKANA NAKURU

Mwaka 2007 na 2008 wataalamu wa macho, miongoni mwao Daktari Wanjiku Mathenge, walizunguka Nakuru, mjini na mashambani, wakiwapima watu wa miaka 50 na zaidi. Waliopimwa walikuwa 4,414. Kilichowapeleka kilikuwa ni maradhi ya macho, lakini walipima pia damu na mapigo ya moyo. Walikuta takriban watu saba katika kila mia wana maradhi ya sukari, na waliokaa mjini wakiwa nayo zaidi kuliko wa mashambani. Karibu nusu ya watu wote walikuwa na damu ya kupanda, ambayo ni ndugu wa maradhi haya.

La kushtua zaidi lilikuwa hili: katika wale wenye sukari, zaidi ya thuluthi moja macho yao yalikuwa yamekwisha kuguswa. Nyuma ya jicho iko ngozi nyembamba inayopokea nuru, nayo huitwa retina. Hulishwa na mishipa midogo mno ya damu. Sukari ikikaa juu miaka mingi, mishipa hiyo hulegea, ikavuja na kupasuka. Haiumi. Mtu huona vizuri leo, kesho, na mwaka ujao, kisha siku moja akaona kama wino umemwagika mbele yake. Madaktari huweza kuuzuia uharibifu huo kwa miale ya leza au kwa sindano maalumu, lakini kilichokwisha kupotea mara nyingi hakirudi. Ndiyo sababu mwenye sukari hupimwa nyuma ya macho kila mwaka, hata kama anaona vizuri.

Mwaka 2013 na 2014 watafiti waliwarudia watu wale wale wa Nakuru. Safari hii Daktari Andrew Bastawrous na wenzake walikuja pia na simu ya mkononi iliyotiwa programu ya kupimia uwezo wa kuona, na kipimo hicho kilichojaribiwa Nakuru kikajulikana duniani. Si vibaya mji wetu wa bara ukasifika kwa elimu. Lakini ingekuwa bora zaidi kama sisi wenyewe tungeichukua faida yake. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba takriban Wakenya 88 katika kila 100 walikuwa hawajapata kupimwa sukari maishani mwao.

Tuseme waziwazi kinachogombaniwa hapa. Ni macho ya kusomea msahafu alfajiri. Ni miguu ya kwendea msikitini. Ni figo, ni moyo, ni nguvu za baba mwenye watoto wadogo. Haya yote huondoka kimya kimya, na kipimo cha tone moja la damu kingetosha kutuamsha. Kabla ya kula kitu asubuhi, sukari ikifika milimoli 7 kwa lita au zaidi, na ikathibitika tena, hayo ni maradhi ya sukari. Ikipimwa wakati wowote ikafika 11.1 au zaidi na dalili zikawapo, ni hayo hayo.

SINIA HAINA KIPIMO

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Tuhesabu basi. Tuseme yuko mzee wetu mmoja katika mtaa wa Bondeni anayekunywa vikombe vitano vya chai kwa siku, kila kikombe na vijiko vitatu vidogo vya sukari. Hivyo ni vijiko 15, takriban gramu 60. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isipite takriban gramu 50 kwa mtu mzima, na kwamba ni bora iwe nusu ya hapo, yaani kama vijiko sita. Mzee wetu amekwisha kupita mpaka, wala hajagusa mahamri, wala soda. Chupa moja ya soda ya mililita 300 ina takriban vijiko vinane vya sukari ndani yake.

Kisha ije sinia. Watu watano huizunguka, kila mmoja akichota upande wake. Mwenye nyumba humsogezea mgeni nyama, na wali unapopungua huongezwa. Hii ni mila tukufu, kwani sinia hufundisha udugu na huondoa kiburi. Lakini sinia haina kipimo. Hakuna aliyezunguka pale ajuaye amekula kiasi gani, na maradhi ya sukari ni maradhi ya kipimo.

Waganga wa lishe huwafundisha wagonjwa hesabu ya sahani: nusu yake iwe mboga, robo iwe wanga, na robo iliyobaki iwe samaki, nyama, kuku au jamii ya kunde. Hesabu hii haiivunji sinia. Mgonjwa na apakuliwe wali wake katika bakuli dogo, kiasi cha ngumi yake, na huo ndio uwe kibaba chake. Akae pale pale na wenziwe, achote mchicha, kachumbari na samaki kutoka siniani kama wao, tena aanze na hivyo kabla ya wali. Hatatengwa, wala hatazidisha.

Na hapa ndipo Bonde la Ufa linapotufaa. Ardhi inayotupa viazi na ngano ndiyo hiyo hiyo inayotupa sukuma wiki, kabichi, karoti, managu, saga na terere, vyote vya bei nafuu sokoni. Jirani Mkikuyu ana njahi na githeri. Mahindi na maharagwe yakipikwa pamoja, sukari yake huingia damuni polepole kuliko ya mkate mweupe. Jirani Mkalenjin ana sima ya wimbi, na ana mursik, maziwa yake ya mgando ambayo hayatiwi sukari. Nasi tuna kunde, mbaazi, kisamvu, mronge na samaki. Jiko linaloyaunganisha haya ni jiko tajiri. Ila ijulikane kwamba wimbi na mtama navyo ni wanga. Kuwa ni vyakula vya asili hakuviondolei kipimo.

Mambo mengine ya jikoni ni madogo lakini yana uzito. Viazi, chapati na wali visikutane katika mlo mmoja. Mchukue mmoja, waage wawili. Tunda lililiwe zima, kwani maji ya matunda huingia damuni kwa haraka. Asali na sukari nguru ni sukari, jina lolote litakalopewa. Tui la nazi si haramu kwa mgonjwa, lakini lina mafuta mengi, basi liwe jepesi. Na baada ya kula, mtu asijitupe kwenye mkeka. Atembee dakika kumi au kumi na tano. Mwili unaotembea huifungulia sukari mlango hata pale insulini inapochoka.

TEMBE, SINDANO NA MAJI YA UDHU

Kwa walio wengi wenye aina ya pili, dawa ya kwanza ni metformini. Imetokana na utafiti wa mmea wa Ulaya uliojulikana tangu zamani, na ilianza kutumika Ufaransa mwaka 1957. Humezwa pamoja na chakula, na mwanzoni huweza kusumbua tumbo. Wengi huiacha wiki ya pili kwa sababu hiyo, ilhali kwa kawaida usumbufu huo hupungua. Wengine huiacha kwa sababu wamejisikia wazima. Hao wamesahau kwamba uzima ule umeletwa na dawa ile.

Iko pia hofu ya sindano. Husemwa mitaani, "Akishapigwa insulini, huyo amekwisha." Si kweli. Kongosho huchoka kwa miaka, na siku inapochoka kabisa insulini huja kumsaidia mja, haiji kumzika. Wanaochelewa kuikubali ndio wanaofika hospitalini na vidole vilivyokufa.

Ama dawa zetu za asili, kama uwatu, mdalasini, habasoda na mwarobaini, zina heshima yake. Lakini mtu asitupe tembe zake kwa ahadi ya muuzaji wa chupa. Na akizitumia, amwambie daktari wake, maana baadhi ya dawa hizo huweza kuishusha sukari pamoja na tembe, ikashuka kupita kiasi.

Insulini haitaki joto wala kugandishwa na barafu. Kwa mkazi wa Nakuru baridi ya mji ni neema, lakini anaposafiri kwenda pwani kwa Idi au Maulidi, asiitie katika buti la basi. Aichukue mkononi, ndani ya mfuko uliofungwa, umezungushiwa kitambaa chenye unyevu. Na akifika asikokuwa na friji, mtungi wa udongo unafaa: maji kidogo chini, dawa ikiwa ndani ya chombo kikavu kilichofunikwa, mtungi ukae kivulini penye upepo. Bibi zetu walipoza maji namna hiyo, na leo watu husalimisha dawa kwa njia hiyo hiyo.

Mgonjwa anayetumia insulini, au baadhi ya tembe, huweza kushukiwa na sukari. Atatetemeka, atatoka jasho, moyo utakwenda mbio, kisha maneno yatamchanganyika. Sukari ikiwa chini ya milimoli 3.9, hapo sukari yenyewe ndiyo dawa: vijiko vitatu vidogo katika maji, anywe, angojewe dakika 15, apimwe tena. Akiwa amezimia, asimiminiwe kitu kinywani, akimbizwe hospitali. Mke, watoto na hata mtumishi wa nyumbani wayajue haya, kwa sababu saa hiyo mgonjwa hawezi kujitetea.

Nalo jambo la miguu. Sukari huua mishipa ya fahamu, mguu ukawa hausikii maumivu. Nakuru watu huota moto wa jiko na kupasha maji ya kutawadhia, na mguu usiosikia huungua bila mwenyewe kujua. Maji na yapimwe kwa kiwiko au na mtu mwingine, na jiko lisogezwe mbali. Lakini udhu wenyewe ni rehema kwa mwenye sukari: mara tano kwa siku anaiosha miguu yake. Basi aitazame nyayo, akaushe katikati ya vidole, na akiona lengelenge au mchubuko asingoje wiki. Wenzetu wa dini nyingine hukumbushwa na daktari waiangalie miguu; sisi tunakumbushwa na adhana.

MWEZI WA RAMADHANI

Hapa ndipo penye mzozo katika nyumba nyingi. Mgonjwa anaogopa kufungua, jamaa wanaogopa kumwambia, na daktari pengine si Muislamu, naye anaona haya kuingilia ibada. Lakini Surat al-Baqara imempa mgonjwa ruhusa iliyo wazi, na hakuna ushujaa katika kuikataa ruhusa ya Mola.

Wanazuoni hawakuliacha jambo hili gizani. Baraza la kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilipokutana Jeddah mwaka 1997 liliamua kwamba sindano ya dawa isiyokuwa ya kulisha mwili haifunguzi saumu, wala kutolewa damu ya kupimwa hakufunguzi. Basi anayekataa kujitoboa kidole mchana wa Ramadhani anajikataza kilichoruhusiwa. Mwaka 2009, huko Sharjah, baraza hilo hilo lililitazama suala la wenye sukari hasa, likawagawa mafungu kwa hatari waliyo nayo. Ambaye saumu itamdhuru, au yaelekea sana kumdhuru, huyo hafungi. Ambaye sukari yake imetulia na hakuna hofu, huyo hufunga kama wenziwe. Anayejua mtu yuko fungu gani ni tabibu, na kwa hivyo tabibu aendewe wiki sita mpaka nane kabla ya mwezi kuandama, ili saa na vipimo vya dawa vipangwe upya. Mtu asijipangie mwenyewe.

Anayefunga ajue mipaka. Sukari ikishuka chini ya 3.9, afungue, hata kama zimebaki dakika kumi adhana ilie. Ikipanda kupita 16.6, afungue na atafute matibabu. Daku alicheleweshe, tena kiwe chakula cha kukaa tumboni, kama kunde, mayai na mboga, si chai na mahamri tu. Na mwenye maradhi yasiyotarajiwa kumruhusu kufunga tena, Sharia imemfungulia mlango wa fidia: katika madhehebu yetu ya Shafii, kibaba cha chakula kwa maskini kwa kila siku. Huyo hakukosa Ramadhani. Ameiingia kwa mlango wake.

Kisha tuitazame meza ya futari. Muhogo wa nazi, ndizi za nazi, viazi vitamu, tambi za sukari, kaimati, sharubati: vyote wanga na sukari, vyote saa moja jioni, juu ya tumbo tupu. Mgonjwa na afuturu kwa maji na tende moja, mbili au tatu ndogo, asali, kisha achague mmoja katika wale, pamoja na supu au samaki. Wala isiwe mgonjwa peke yake. Watoto wanaokula meza hiyo leo ndio watakaopimwa miaka 30 ijayo.

MFICHA MARADHI

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii kila mtu anaijua, na bado maradhi ya sukari hufichwa. Mwanamume hufichia nguvu zake za unyumba, akaona bora kukaa kimya kuliko kuulizwa. Msichana hufichia posa. Mwengine husema amerogwa, akazunguka kwa waganga mpaka mguu ukaoza. Na wengi, pengine wengi kuliko wote, huficha kwa sababu ya adabu: wamekwenda kuzuru jamaa, wameletewa chai iliyokwisha kutiwa sukari, na kukataa chai ya mwenyeji ni kumvunjia uso. Hunywa. Wakatoka hapo wakaenda nyumba ya pili, wakanywa tena.

Hapa lawama si ya mgonjwa. Muungwana ni kitendo, na ukarimu maana yake ni kumpa mgeni kinachomfaa, si kumlazimisha kinachomdhuru. Tena isisemwe kwamba kinywa cha Mswahili hakijui kisicho sukari. Kahawa chungu ni yetu. Babu zetu waliinywa barazani kavu, kikombe kidogo baada ya kikombe, na utamu ukakaa pembeni kwa anayeutaka, kipande cha halwa au kokwa ya tende. Walitenga utamu na kinywaji. Sisi tuliovichanganya katika sufuria moja ndio tuliopoteza hekima ile.

Kwa kuwa mwandishi wa ukurasa huu ni mtunzi pia, na kwa kuwa beti hukumbukwa pale nasaha inaposahauliwa, nawaachia ubeti mmoja wa kubandika jikoni:

Ndugu sukari si kufa, ni ada kubadilisha,
Uisikie arifa, mwili unayokupasha,
Chakula kiwe hafifa, viungo kushughulisha,
Jamaa na maarifa, ndio wa kukuwezesha.

Nyumba inayotaka kuanza haihitaji fedha wala karatasi ya daktari. Chai na itokoswe bila ya sukari, na sukari iwekwe kando, katika bakuli lake na kijiko chake, kila mtu ajitilie. Asiyetia asiulizwe kwa nini. Kwa tendo hilo moja mgonjwa hupata kukaa na wenziwe pasipo kujieleza, mzima hupata kujua ni vijiko vingapi anavyokunywa kwa siku, na mtoto hukua akijua kwamba chai ni chai na sukari ni sukari.

Kisha wiki hii, wakubwa wa nyumba waende wakapimwe, katika kituo cha afya kilicho karibu au katika hospitali ya rufaa ya Nakuru, ile iliyokuwa Hospitali Kuu ya Mkoa. Waende pamoja, mume na mke, mama na mwana. Atakayekutwa nayo atarudi nyumbani ambako chai imekwisha kubadilika.